Ng'ombe Niliowaona Misri

Mwaka ule nilipokwenda Misri nilikuwa nimemaliza miaka saba Marekani, na pasipoti yangu ilikuwa bado inanuka upya. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, huko Louisville. Kila asubuhi niliwaacha watoto kwenye kituo cha basi la shule karibu na apatimenti yetu ya Highview, nikaendesha gari hadi kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake katika nyumba ya matofali iliyojaa vitabu mpaka jikoni. Alikuwa amefundisha historia shule ya sekondari maisha yake yote. Nilimwita Mama Mwalimu, kwa Kiswahili hivyo hivyo, naye alilipenda jina hilo. Aliniambia kwamba tangu astaafu hakuna mtu aliyemwita mwalimu tena.

Macho yake yalikuwa yanakufa polepole. Katikati ndipo palipokuwa pamekufa, pembeni palibaki. Ukitaka akuone, usisimame mbele yake, simama kando. Alikuwa akigeuza uso dirishani ili akione kikombe chake cha chai, na mgeni asiyejua angedhani amemnunia.

Asubuhi moja alinipa kijitabu chenye picha, nimsomee. Ilikuwa habari ya safari ya masomo katika mto Nile: meli ndogo, kila siku hekalu au kaburi, kila jioni somo, na kiongozi ambaye ni Mmisri aliyesomea mambo ya kale. Nilisoma mpaka mwisho nikamrudishia.

"Watoto wa watu nimewafundisha habari za Misri miaka na miaka," alisema, "na sijawahi kufika. Mume wangu aliogopa ndege. Sasa yeye ametangulia, na macho nayo yanaondoka. Tutaenda mwezi wa pili."

"Tutaenda nani na nani?"

"Mimi na wewe. Nani mwingine?"

Nilicheka, nikadhani ni maneno ya wazee. Lakini wiki ile ile aliniomba nimpeleke Columbus kwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Ni mwendo wa zaidi ya saa tatu. Njia nzima alikaa wima, mkoba umelala mapajani, kama mtu anayekwenda kujitetea mbele ya hakimu.

Binti alitukaribisha vizuri, akatuandalia supu, akasikiliza. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mama, huoni. Unataka kuzunguka nusu ya dunia kwenda kutazama vitu usivyoviona?"

"Huyu ataniangalizia," Mama Mwalimu akasema, akanielekezea kidole. Kwa kuwa alikuwa akinitazama kwa pembeni, kidole kilielekea friji.

Binti hakucheka. Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Unaijua Misri?"

"Naijua ya kwenye Biblia tu."

"Na akianguka kule?"

"Nitamwinua. Hapa Louisville ameanguka mara mbili, na mara zote mbili nilimwinua mimi."

Hilo la kuanguka hakulijua. Mama yake alikuwa amemficha. Nilijua nimefichua siri ya mtu, na nikaona aibu. Lakini mwisho alisema, "Basi mwende. Unipigie kila siku." Nikaahidi.

Aliyekuwa mgumu zaidi alikuwa kaka yangu. Yeye yuko Buffalo, anafanya kazi kwenye kiwanda, na kanisani kwake ni mkuu wa mashemasi. Nilipompigia simu alisema, kwa Kiswahili chetu cha Kongo chenye Kifaransa ndani, "Bon. Mungu alitosha watu yake Misri kwa mkono wa nguvu, na wewe unarudia kule kwa kutembea?"

"Kaka, ni kazi."

"Kazi ya kuangalia masanamu?"

"Kazi ya kuongoza kipofu."

Aliniombea kwenye simu, ombi refu, akamaliza kwa kuniambia nisinywe maji ya bomba.

Basi nikawaachia watoto jirani wa kanisani, tukaenda. Tulifika Cairo, na kesho yake tukapanda ndege ndogo mpaka Aswan, ambako meli ilikuwa inatungoja. Watalii walikuwa wachache miaka ile. Meli nyingine zilifungwa ukingoni, tatu nne ubavu kwa ubavu, mapazia yamefungwa, hakuna mtu ndani. Kundi letu lilikuwa watu kumi na wanane, karibu wote wazee waliostaafu kutoka Marekani, na kiongozi wetu, mwanaume mwembamba mwenye sauti ya upole, aliyebeba mwavuli mwekundu hata jua lilipokuwa kali ili tusimpoteze.

Jioni ya kwanza mezani, mzee mmoja aliyekuwa mhandisi zamani aliniuliza nilizaliwa wapi. Nikamwambia Kongo, kwenye milima ya Kivu ya Kusini. Uso wake ukang'aa.

"Basi huu ni mto wa kwenu! Umeufuata mpaka chini!"

"Hapana," nikasema. "Maji ya kwetu yanashuka ziwa Tanganyika, halafu yanakwenda mto Kongo. Huu Nile sijawahi kuuona."

Alionekana kama mtu aliyepewa zawadi kisha akanyang'anywa. Mama Mwalimu alicheka mpaka akakohoa.

Siku iliyofuata tulifika Kom Ombo, hekalu lililo karibu sana na maji. Nilimshika mkono, tukapanda polepole. Kiongozi alieleza kwamba ni nyumba ya miungu wawili, kila mmoja na mlango wake. Mimi nikarudia sikioni mwa Mama Mwalimu: miungu wawili, milango miwili.

"Hayo nimeyasikia, na nilishayasoma kabla hujazaliwa," akasema. "Wewe niambie unaona nini."

"Naona nguzo."

"Nguzo gani?"

"Kubwa."

"Mwanafunzi angenijibu hivyo ningempa sifuri."

Nikaona haya. Nikaangalia tena, safari hii kwa makini. Nikamwambia kwamba nguzo zimeliwa chini kama miguu ya meza iliyotafunwa na panya, na juu bado kuna rangi ya buluu kidogo pale jua lisipofika. Nikamwambia kuna mwanamke ukutani ambaye mtu alimchimba uso kwa patasi, uso tu, mkufu akauacha. Aliniminya mkono. "Ehee. Endelea."

Tangu hapo ndivyo tulivyosafiri. Nilijifunza kusimama kabla ya kusema. Kule kwenye lango la maji la Esna, meli ilipongoja kushushwa hadi usawa wa maji ya chini, wachuuzi walikuja na vimashua wakaturushia kanzu na mashuka mpaka sitaha ya juu. Nilimweleza jinsi mmoja wao alivyosimama kwenye mashua inayoyumba, akirusha kwa mkono mmoja na kula mkate kwa mkono wa pili, bila kukosea. Mama Mwalimu akasema hilo ndilo bora kuliko mahekalu yote, akanituma nimnunulie binti yake shuka. Kila siku nilipiga simu Columbus, na kila siku binti aliuliza kitu kilekile: ameanguka? Nami nikajibu hapana, amekula, amelala mchana.

Siku moja Luxor miguu yake ilivimba. Alikataa kushuka melini, lakini akanitoa mimi.

"Nenda na wengine. Leo usiniangalizie mtu. Jiangalizie mwenyewe."

Nilikwenda. Nilijisikia vibaya kutembea mikono mitupu, bila mkono wa mtu ndani ya mkono wangu. Kwa miaka mingi sijaenda mahali ila kuna mtu wa kumbeba au wa kumsukuma. Nilikaa juu ya jiwe kwenye kivuli cha ukuta, nikala chungwa, na hakuna aliyeniita. Sikumbuki kiongozi alifundisha nini siku ile. Chungwa nalikumbuka.

Mto ulipokwisha kwa upande wetu, tulirudi Cairo kwa ndege, na somo la mwisho lilikuwa Saqqara, kwenye makaburi ya wakubwa wa zamani sana. Picha zilikatazwa ndani. Tuliinama tukaingia chumba chembamba, hewa ya vumbi, taa dhaifu, na kuta zote zimechongwa watu wanaofanya kazi: wanavuna, wanavua samaki, wanaoka mikate.

"Unaona nini?" Mama Mwalimu akauliza.

Nilikuwa nimeona ng'ombe.

Walikuwa wanavuka maji, wenye pembe ndefu kama wa kwetu. Mbele yao alitangulia mchungaji aliyeinama, na mgongoni amebeba ndama. Ndama amegeuza kichwa nyuma, mdomo wazi. Nyuma yake mama yake amenyoosha shingo, naye mdomo wazi. Wanaitana.

"Unaona nini?" akarudia, sasa kwa wasiwasi. "Umekuwaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka jinsi mtu yule alivyoshika miguu ya ndama mbele ya kifua chake, ya mbele kwa mkono huu, ya nyuma kwa mkono ule.

Kiongozi alikuwa anaeleza upande wa pili wa chumba. Mama Mwalimu akainua mkono juu, kama mtoto darasani.

"Samahani, mwalimu. Mwenzangu anaijua hii."

Nilitaka ardhi inimeze. Kiongozi akageuza mwavuli wake, akasema kwa adabu, "Tafadhali, mama. Tufundishe."

Kiingereza changu kilikuwa cha hospitali na cha dukani. Maneno ya ng'ombe sikuwa nayo. Nikasema nilivyoweza. Nikasema watu wanaweza kudhani amembeba ndama kwa sababu ni mdogo, maji yatamchukua. Ni kweli, lakini si hiyo tu. Ng'ombe wanaogopa mto. Ukiwapiga hawaingii, wanarudi nyuma na kukukanyaga. Lakini ukimchukua ndama mmoja ukatangulia naye, mama yake ataingia, maana anamsikia analia. Mama akiingia, wengine wote watamfuata. Baba yangu alifanya hivyo kila kiangazi tulipohama na kundi kutafuta majani. Aliinama hivi hivi. Alishika miguu hivi hivi.

"Na ng'ombe hao wako wapi sasa?" akauliza yule mzee mhandisi, kwa upole.

"Waliisha kwenye vita," nikasema. "Baba pia."

Kiongozi alikuja akasimama karibu na ule ukuta, akautazama kama anauona upya. Akasema, "Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wageni kwamba amembeba ili mamba asimkamate. Sasa nitasema yote mawili." Kisha akatupeleka chumba kingine, kwa sababu kundi la watu wa nchi nyingine lilikuwa linangoja mlangoni.

Ndani ya basi Mama Mwalimu alifungua mkoba, akatafuta kwa vidole, akanipa leso yake safi. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nalia.

Tulirudi salama, bila kuanguka hata mara moja. Kabla mwaka haujaisha macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga tu, na binti akamhamishia Columbus, kwenye chumba cha chini chenye mlango wa bustani. Nilifunga vitabu vyake kwenye maboksi siku mbili. Binti alinikumbatia mlangoni. Tangu safari ile hakuniita tena "mtunzaji", aliniita kwa jina langu. Mimi nilipata kazi kwenye nyumba ya wazee, na kila Jumamosi mchana Mama Mwalimu alinipigia simu. Hakuuliza habari. Aliuliza, "Leo umeona nini?" Nami ilinibidi niwe nimeona kitu.

Kiangazi cha mwaka ule wa safari, mimi na watoto tulikwenda Buffalo kwa kaka. Sikuwa nimemweleza habari ya kaburi kwenye simu. Nilitaka kuwa naye uso kwa uso. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, chai ya maziwa mezani, watoto wake na wangu wakipiga kelele kwa Kiingereza chumba cha pili. Nilianza na ng'ombe, nikaenda kwa mchungaji, nikafika kwa ndama. Kaka aliweka kikombe chini.

"Rangi gani?"

"Rangi imefutika. Imebaki nyekundu kidogo, hapa ubavuni."

"Bihogo," akasema. Ndivyo sisi tunavyomwita ng'ombe mwenye rangi nyekundu iliyokolea. "Na kichwa ya ndama, iko upande gani?"

"Nyuma. Anaangalia mama yake."

Aliinama pale kwenye kiti, mtu mzima wa miaka hamsini, mashemasi watatu kanisani wako chini yake, akashika miguu ya ndama asiyekuwepo mbele ya kifua chake. "Hivi?"

"Mikono juu kidogo."

Akaipandisha. Halafu akaanza kusimulia habari za mto fulani na mwaka fulani ambao mimi nilikuwa bado mgongoni mwa mama, na baba alivyoteleza katikati, ndama akapita juu ya kichwa chake. Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Kwa miaka ishirini hatukuwa tumezungumza habari za ng'ombe, kaka na mimi. Tulizungumza kazi, karatasi, watoto, kanisa. Siku ile chai ilipoa tukaipasha, ikapoa tena.

Kesho yake tulikwenda kwenye duka moja la Grant Street kununua unga wa muhogo na sombe, majani yake. Mwenye duka ni Mrundi, rafiki wa kaka. Nikiwa nachagua samaki wakavu, nilimsikia kaka nyuma yangu kwenye kaunta.

"Donc, kuna kaburi moja Misri," alikuwa anamwambia, "ya zamani, zamani sana, mbele ya Musa. Unaingia, unainamisha kichwa. Mkono wa kushoto, kuna ng'ombe makumi nne."

Walikuwa ng'ombe sita au saba, na walikuwa upande wa kulia. Sikumsahihisha. Mwenye duka aliacha kupima unga, akaegemea kaunta, akamwambia aendelee.