Mhusika Mkuu

Juzi, kwenye kikao cha waandishi hapa Lodwar, msichana mmoja aliuliza, "Mhusika mkuu ni nani?" Nikakumbuka alasiri moja ya Kakuma, nikiwa mtoto mdogo.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, karibu na miguu ya mama, katika ukumbi wa mabati ulionuka vumbi na chai ya tangawizi. Mama alikuwa amemaliza kusoma hadithi yake kutoka daftari la bluu. Mwalimu mmoja akasema, "Mama Akiru, mhusika mkuu hapa ni wewe. Usikatae."

"Ni mimi, mwalimu," mama akajibu, akicheka.

Mimi sikucheka. Sikujua bado kwamba hadithi nazo zina wahusika. Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni tu, kwenye habari za wizi: wahusika wote watakamatwa. Na mama alikuwa amekiri mbele ya watu! Walipoinuka kunywa chai, nilibeba daftari mbio hadi kwenye laga, ule mto wa msimu uliokuwa mkavu, nikalizika mchangani.

Jioni mvua ilinyesha milimani, laga ikafurika. Mama alilitafuta daftari lake hadi akalia. Nikamshika mkono, nikamnong'oneza, "Usiogope, mama. Ushahidi umeenda na maji."