Orodha Iliyotoka Tupu

Hironimus alikuwa mtu wa takwimu katika hospitali yetu ndogo hapa Songea, mbishi na mchache wa maneno. Mwaka 2001, tulipopata kompyuta ya mtumba, aliandika kwa lugha ya Perl programu ya kutafuta wachangiaji damu: unaandika kundi, inakutolea majina na mitaa. Tulimtania kwamba ameoa kompyuta.

Programu ilianzishwa na mistari michache aliyoiweka katika faili moja. Mistari hiyo iliitafuta orodha ya majina katika saraka yoyote uliyomo, yaani folda uliyoifungua wakati huo, basi. Yeye kila asubuhi aliingia kwanza kwenye saraka yake, akachagua toleo la zamani la Perl kati ya mawili yaliyokuwamo, ndipo akaianzisha. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu avuavyo viatu mlangoni, na hakuona haja ya kutueleza. Mazoea yana taabu.

Mwezi wa Agosti alikwenda Peramiho kumzika baba yake mdogo. Msiba wa kwetu haukatizwi. Anayeondoka kabla ya kunyolewa nywele za matanga husemwa maisha yake yote. Kesho yake, Jumanne, Dorine, mdogo wa mwisho wa Hironimus, akaletwa hospitalini kujifungua, damu ikawa haikatiki. Kundi lake lilikuwa O hasi. Mimi, Ida wa masjala, nilikimbilia kompyuta nikaianzisha programu nikiwa kwenye saraka ya masjala. Haikulalamika. Ilipokosa orodha ilijitengenezea nyingine, tupu, ikaandika: "Wachangiaji: 0."

Nikamwambia daktari hakuna. Niliamini kabisa. Dorine alifariki Jumanne hiyo hiyo saa tisa alasiri, mtoto akabaki.

Hironimus alizika mara mbili wiki ile. Aliporudi kazini hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko matusi. Aliiandika upya mistari yake: kwanza ijue yenyewe inakaa saraka gani na iende huko, kisha ihakikishe toleo la Perl, kimoja kikikosekana, isimame na kusema, "Sijaona orodha. Usiniamini." Tukaijaribu kutoka kila saraka.

Mwishoni niliandika O hasi. Likatoka jina moja: Valence, seremala wa Lizaboni. Tulimfuata kwa miguu siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mzee," Hironimus alisema. "Jumanne ile ya wiki iliyopita ulikuwa umesafiri?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu," alijibu Valence. "Nilishinda hapa hapa nyumbani. Sikuwa hata na kazi."