Kamusi Nyeusi Niliyoigeuza Biblia

Nyanya Wambui alitoka kortini amepoteza shamba lake, akanijia mlangoni, akanishika mkono. "Asante, mwanangu. Wewe angalau ulinipa Biblia kwa mikono miwili."

Sikuweza kumtazama. Yeye nilimpa Biblia. Shahidi wa adui yake nilimpa kamusi.

Niwaeleze vijana kazi yenyewe. Sikufika sekondari. Niliajiriwa niwe mwapishaji, yule anayewashikisha mashahidi kitabu kabla hawajasema. Siku ya kwanza karani mkuu alinikalisha chini: "Mkristo, Biblia, mkono wa kulia. Mwislamu, Korani, na usiishike ovyo. Asiye na dini anathibitisha kwa mdomo tu. Ukikosea hapo, kesi yote ni maongezi ya hoteli."

Hakimu wetu wa pili alipenda hadithi. Tukinywa chai akaniambia kwamba kwa Wamisri wa kale dini na sheria hazikutengana. Jaji mkuu alivaa shingoni sanamu ndogo ya Maati, mungu wao wa kike wa ukweli. Kesi ikiwashinda, makuhani walibeba sanamu ya mungu mabegani, wakaiuliza: shamba ni la huyu? Ikisogea mbele, ni lake. Ikirudi nyuma, amenyimwa.

"Na aliyesogea ni nani, Mheshimiwa? Mungu ama wabebaji?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Kamau, wewe Misri hungemaliza wiki!"

Kesi ya nyanya ilikuwa ya ekari mbili kule Gatuanyaga, mahali alipozikwa mumewe. Njuguna, mzee wa kanisa, alikuja kuapa kwamba alimwona marehemu akimuuzia shamba yule aliyelidai. Asubuhi hiyo nilimkuta kwa ukumbi na Gachanja, wakili wa mdai huyo.

"Nikishika Biblia nitatetemeka, wakili. Mungu si mtoto."

Gachanja akanigeukia. "Mheshimiwa mdogo, si kuna kamusi nyeusi hapo kwa meza yako? Nani ataifungua?"

Sikupewa hata soda. Aliniita mheshimiwa, hiyo ikanitosha. Njuguna akainua kamusi juu, akadanganya bila kigugumizi. Hapo nikajua jibu la swali langu. Ni wabebaji.

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Nyanya amekodi chumba hapa mtaa wa Landless, Thika, mlango wa tatu kutoka kwangu. Jumapili iliyopita nilimweleza yote, nikangoja matusi.

"Haiya!" akasema polepole. "Kumbe mzee wangu hakuliuza?"

Miaka yote hiyo aliamini kiapo. Njuguna aliapa kwa Mungu na hakupatwa na kitu, basi nyanya akaona ni kweli, mumewe aliuza akamficha. Hata kaburi aliacha kuliulizia.

Nimeandika kosa langu na kutia sahihi; wakitaka kunifunga, wanifunge. Wewe Gachanja umejenga Membley, Ruiru, nyuma ya geti. Wewe Njuguna bado unagawa meza ya Bwana. Biblia, ile ya kweli, iko mezani kwa nyanya. Njooni muishike, mmwambie usoni: mumewe aliuza, ama hakuuza?