Siku Niliyowafukuza Wageni Wote wa Hoteli

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki mtu anikatize. Hadi leo nikipita mtaa wa Kiyovu mbele ya hoteli moja natazama upande wa pili wa barabara kama mtu aliyeangusha funguo.

Mimi natengeneza tovuti, na hoteli hiyo ilikuwa imeniita kwa sababu wateja walilalamika kwamba wakibonyeza picha ya chumba wanapelekwa kwenye ukurasa usiokuwepo. Kazi ndogo. Nina programu inayopita tovuti nzima yenyewe, inafuata kila kiungo, inaniambia kipi kimekufa. Ningeiwasha nyumbani, nikatuma majibu, basi. Lakini mimi (nimekulia Mwanza, maneno hayanipungukii) nikaomba projekta na mameneja wote waje waone.

Madame Claudine, mkurugenzi, akaniuliza, "Hii kitu yako inafika mpaka ndani, kule wafanyakazi wanaingia?"

Ilikuwa haifiki. Ila watu walikuwa wananitazama, kwa hiyo nikasema inafika kila mahali, nikaomba paswedi yake na kuipa programu. Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo tu.

Mistari ya kijani ikaanza kuteremka ukutani, mameneja wakatikisa vichwa (hakuna aliyeelewa hata herufi, lakini mmoja alipiga makofi), na mimi naeleza kwa mikono yote miwili kama mhubiri. Kumbe kule ndani, mbele ya jina la kila mgeni, kulikuwa na kiungo kimeandikwa "Ghairi", kisichouliza kama una uhakika, na programu yangu tiifu ikawa inavifuata kimoja baada ya kingine, na kila mgeni anapokea barua pepe kwamba nafasi yake imefutwa.

Simu ya mapokezi ikalia. Ikafuata ya Madame, kisha za mameneja wote, na mimi, mjinga, nikasema, "Waambieni wasubiri, tunaboresha huduma."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mama mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Nyarutarama, bado amevaa mushanana, lile vazi la sherehe la kutupia begani, ya shughuli aliyotoka, simu juu.

"Mana we! Nani amefuta harusi ya mtoto wangu? Wageni iko njiani kutoka Kampala!"

Wote wakanigeukia, hata yule wa makofi.

"Mama, ni majaribio tu," nikasema.

"Harusi ni majaribio?"

Na hapo ndipo programu ilipochagua kumaliza kazi. Ukutani pakaandikwa, kwa herufi kubwa, kwamba hitilafu imepatikana moja: picha ya chumba.

"Moja?" Madame akasema, akinitazama kuanzia viatu. "Mimi naona nyingine imesimama hapa."

Mchana kutwa nilikaa mapokezi nikiwapigia wageni mmoja mmoja kuwaomba radhi. Ukumbi wa harusi tuliuwahi, wengi wakarudi, ila mfanyabiashara mmoja wa Nairobi alinishukuru: alikuwa ameshahamia hoteli ya jirani, na huko, alisema, chai inakuja ikiwa moto. Hilo nililazimika kumpelekea Madame kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimeapa. Tovuti ya mtu nitaikagua kutoka nje, kama mpita njia yeyote, na siku nikishikwa na hamu ya kuonekana fundi, nitajifungia chumbani mpaka initoke.