Kuti Kavu la Kihoto

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wetu, mzee wa kutoka Kilifi, alinipeleka kando ya Ziwa Naivasha akanionyesha ubao wa kupimia kimo cha maji: nguzo yenye alama za sentimita, imesimama majini. Kazi yangu ilikuwa kuusoma kila asubuhi na kuandika.

"Mama, watu wa huku chini wamekalia kuti kavu," akaniambia.

Nikamuuliza kuti ni nini. Kwetu hakuna minazi. Akasema ni jani la mnazi. Likikauka bado huonekana zima, na aliyelikalia hujiona salama mpaka linapokatika. Msemo huo, akanieleza, si wa hatari inayotoka mbali. Ni wa ile uliyoikalia.

Nilihamishiwa Nakuru, nikarudi, nikatumikia wasimamizi wengine wawili. Karibu na kustaafu kwangu, katikati ya kiangazi, maji yakaanza kupanda bila mvua.

"Andika tu, mathe," msimamizi wa mwisho akasema. "Ofisi itaamua."

Niliandika. Asubuhi moja nikapitia Kihoto, mtaa ulio chini karibu na ziwa, kwa rafiki yangu Mama Chebet, aliyekuwa akimtunza mumewe aliyepooza. Getini palikuwa na vumbi tupu, lakini ndani sakafu ya simiti ilikuwa ikitoka jasho. Sisimizi walitoka kwenye ufa wamebeba mayai yao. Nilipokanyaga karibu na kitanda, sakafu ikaitika kama debe tupu.

Mzee akafungua macho. "Huko chini kuna mtu anatembea," akasema polepole.

"Amesema hivyo wiki mzima," Mama Chebet akaniambia. "Na maji haijafika hata kwa geti. Mbona unaangalia hivyo?"

"Mmekalia kuti kavu."

"Kuti ndio nini?"

"Ni hii sakafu."

Aliwatazama wale sisimizi, kisha akaanza kukunja blanketi. Tulimsukuma mzee kwa mkokoteni hadi kanisani, upande wa juu. Tuliporudi saa kumi kuchukua sufuria, sakafu ilikuwa imebomoka na kitanda kilielea. Getini bado palikuwa na vumbi.

Sasa nimestaafu, naishi Olenguruone. Vijana mnaoshika kazi hii, someni ubao, lakini ingieni pia nyumbani kwa watu. Mume wa Mama Chebet alipata miaka kadhaa zaidi ya kuishi. Mama Chebet hunipigia simu. Anasema nyumba ile ingali majini, na asubuhi nyingine mlango wa mbele huonekana wazi. Aliufunga mwenyewe kwa kufuli, na funguo anazo.