Fundi Aliyepoteza Pua

Saa mbili asubuhi, fundi wanayemwita Pua amepiga magoti mbele ya gari kuukuu aina ya Morris. Injini inanguruma. Anafungua kitambaa cheupe alichokizungushia mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, anakipeleka puani. Kisha anakumbuka, anakishusha.

"Baba Watoto! Njoo uninusie."

Mumewe, fundi cherehani wa chumba cha pili, anakuja na utepe wake wa kupimia shingoni.

Mama huyu anatunza magari ya Kiingereza yaliyomzidi umri, na kipimo chake siku zote kilikuwa kitambaa na pua. Petroli ya siku hizi huchanganywa na spiriti, nayo hula mpira usiofaa kutoka ndani.

"Kwa nje unang'aa kama kiatu cha bwana harusi," anasema. "Ndani umeoza, unatoa jasho. Jasho likidondokea bomba la moshi lililopata moto, gari linawaka, linaondoka na mwenyewe."

Jina la Pua alipewa na mafundi wenzake kwa utani. Sasa linamchoma.

Mwezi uliopita aliugua homa kali. Aliporudi kazini alimfungia mkunga mstaafu, mwenye Morris hii, mpira mpya. Akanusa kitambaa, hakusikia kitu. Akamwambia, "Nenda salama, Bibi."

Jioni ile sufuria iliungua, watoto wakakohoa. Yeye alikuwa kando ya jiko, hana habari.

"Ndipo nikajua pua imekufa. Nikamwambia mume wangu, jamani, nimemuua bibi wa watu."

Alipiga simu, haikupatikana. Akapiga tena na tena, roho juu. Ilipopokelewa, mkunga alikuwa barabarani, akilalamika kwamba gari linanuka na kichwa kinamuuma.

"Zima, Bibi! Shuka! Usirudi hata kuchukua mkoba!"

"We mtoto, unanifokea mimi?"

"Nakufokea, ndiyo! Shuka!"

Alipomfikia na kufungua boneti, mpira ulikuwa umelowa, shubiri moja tu kutoka kwenye bomba la moto. Fundi aliketi chini akalia. Mkunga ndiye aliyembembeleza.

Tangu hapo haamini maandishi ya ubavuni mwa mpira yanayodai unafaa petroli. Hukata kipande, hukiloweka kwenye petroli wiki nzima, kisha hukikunja. Kikivimba au kupasuka, mzingo wote wa mpira huo hutupwa. Penye umbali mrefu huweka bomba la chuma badala ya mpira.

Daktari amemwambia pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Anaomba irudi, lakini mpango wake hausubiri: kuyapata magari yote aliyoyafungia mpira ule. Mawili bado hajayaona, na kila king'ora kikipita anaacha spana na kusikiliza.

Mumewe ananusa kitambaa. "Hakuna harufu."

Zamani maneno hayo yalimpa usingizi. Sasa anamkazia macho, anamnyooshea chupa ya petroli.

"Nusa hii kwanza."

Mumewe anakunja uso, anakohoa, machozi yanamlenga.

"Haya," anasema Pua, akimrudishia kitambaa. "Sasa ninusie tena."