Minazi ya Bi Mboni

Meja Luqmani alirudi kutoka vitani Kongo mzima wa viungo, ila amri zilikuwa bado hazijamtoka mdomoni. Miezi mitano imebaki astaafu, kota ya jeshi wairudishe, na posho yote ya Kongo iko benki.

"Nimepata kiwanja Kigombe," akamtangazia mkewe. "Kesho tunalipa, Jumatatu tunachimba msingi."

"Heh! Umeuliza lakini?"

"Nimeuliza bei. Niulize nini tena, mama Tausi?"

Sabiha, mzaliwa wa hapa hapa pwani, Makorora, alikuwa amehama kota sita kwa miaka ishirini na mbili. Hajawahi kupigilia msumari kwenye ukuta ulio wake. Pesa hiyo ikipotea, hakuna Kongo nyingine. Akajitanda mtandio, akaenda naye.

Kiwanja kizuri, hakikosi upepo, na ndani yake minazi kumi na mmoja imejaa nazi. Sabiha akamwamkia muuzaji, Mzee Idarusi, kisha akamwendea moja kwa moja.

"Baba, ardhi yako. Na minazi ya nani?"

Mzee akakohoa. "Minazi... ya dada yangu Mboni. Aliachiwa na marehemu mama. Lakini hana neno yule."

Meja macho yakamtoka. Kwao Kondoa, ukinunua shamba umenunua na miti yake.

"Mti uko kwenye ardhi yangu, utakuwaje wa mtu mwingine?"

"Ndiyo pwani hii, mume wangu. Ungekata mmoja tu, ungepelekwa kwa mwenyekiti na magwanda yako."

Bi Mboni akaitwa. Akaja kanga kaibana kwapani, maneno yametangulia.

"Nani anang'oa minazi yangu? Huyu mwanajeshi? Kongo walimshindwa, mimi namweza!"

Sabiha akacheka, akaketi naye jamvini. Wakavutana mpaka adhuhuri. Bi Mboni akakubali kuuza minazi sita ya katikati. Mitano ya upande wa barabara akagoma kabisa. Ndiyo sabuni yake na sukari yake.

"Basi chumba cha wageni hakipo, mitano hiyo imekalia nafasi yake," Sabiha akamwambia mumewe.

"Na ndugu zangu wa Kondoa wakija?"

"Watalala sebuleni. Wewe si ulilala handakini?"

Wakaandikiana mbele ya mwenyekiti: ardhi karatasi yake, minazi karatasi yake. Nyumba ikasimama, na kota wakairudisha wiki mbili kabla ya siku ya kustaafu.

Sasa kila baada ya miezi mitatu Bi Mboni huingia uani na mkwezi wake, hata hodi hapigi.

"Meja! Toa pikipiki hapo, nazi zinashuka!"

Na Meja huitoa mbio.